Stima Katika Nyumba ya Mbao

Ukitoka Kitale kwa njia ya Webuye, ukapita Kiminini, kisha ukaingia upande wa Ndalu, Naitiri na Tongaren, utaona nyumba nyingi za mbao. Jambo hili halishangazi. Misitu ya Mlima Elgon na ya Cherangani iko karibu, viwanda vya kupasua mbao vimekuwako huku tangu zamani za wazungu, na mkulima aliyepewa shamba katika skimu zilizoanza mwaka 1962 alihitaji nyumba kabla mvua haijafika. Mbao hupatikana upesi. Wengine hujenga kwa mbao nzuri za saiprasi, wengine kwa mabanzi, yaani yale maganda ya gogo yanayobaki kiwandani, na wachache hujenga kwa magogo mazima yaliyolazwa moja juu ya lingine.

Stima ilichukua muda mrefu zaidi kufika. Mwaka 1958 nguvu za umeme kutoka Owen Falls, Jinja, zilianza kupita katika nyaya kubwa kutoka Tororo hadi Nairobi, juu ya mashamba ya Magharibi, na chini yake watu waliendelea kuwasha taa ya mafuta. Ni mwaka 2015 tu ndipo mpango wa Serikali wa kupeleka stima vijijini ulipoteremsha malipo ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000 kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Basi nyumba nyingi zilizojengwa bila kufikiria stima hata kidogo, zimetiwa stima. Hapo ndipo penye jambo la kujifunza, maana ukuta wa tofali husamehe makosa mengi ya fundi, lakini ukuta wa mbao hausamehi.

Joto hutoka wapi?

Yafaa kwanza mkulima aelewe namna moto unavyoanza, kwa sababu wengi husema "stima ililipuka," kana kwamba ilikuwa radi. Mara nyingi stima hailipuki. Huchoma polepole.

Waya wowote unaopitisha nguvu hupata joto. Nguvu zinazopita hupimwa kwa ampea. Ukizidisha ampea mara 2, joto halizidi mara 2 bali mara 4. Ukizizidisha mara 3, joto huwa mara 9. Kupata ampea, chukua wati zilizoandikwa chini ya chombo, ugawanye kwa volti. Nyumba zetu hupata volti 240. Birika la wati 2,400 basi huvuta ampea 10. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Balbu ya kisasa ya wati 9 haivuti hata sehemu moja ya ishirini ya ampea.

Tuchukue mfano. Mama ameunganisha birika na pasi katika waya mmoja wa kurefushia aliouuziwa sokoni. Vyombo hivyo viwili vyavuta ampea 15. Waya ule ni mwembamba, wa milimita 0.75, nao umekusudiwa ampea 6 tu. Umebeba mara mbili na nusu ya mzigo wake, na joto lake ni zaidi ya mara 6 ya lile linalostahili. Je, fyuzi ya plagi itakatika? Fyuzi ya ampea 13 yaweza kukaa muda mrefu sana ikipitisha ampea 15. Swichi ya kujikata iliyo katika kisanduku, nayo ni ya ampea 20 au 32, haioni kosa lolote. Plastiki ya waya, ambayo kwa kawaida imetengenezwa kustahimili digri 70 za sentigredi, inaanza kulainika. Waya umepita nyuma ya kitanda, umegusa ubao mkavu. Mengine mwaweza kuyamaliza wenyewe.

Kosa la pili ni baya kuliko hilo, kwa kuwa halihitaji mzigo mkubwa. Ni maungio yaliyolegea. Fundi amesokota nyaya mbili kwa vidole, akazungusha utepe mweusi, akazifunika kwa ubao. Mahali palipolegea hapapitishi nguvu vizuri, basi joto lote hukusanyika pale pale, katika nafasi ndogo kama punje ya hindi. Hakuna fyuzi wala swichi ya kawaida inayotambua jambo hili, maana ampea hazikuzidi. Na nyumba ya mbao ina tabia yake: mbao mbichi hukauka, hujikunja na kusogea, nayo maungio yaliyokazwa Aprili yaweza kuwa yamelegea ifikapo Januari.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya nyumba ya mbao ni hii: pasiwe na maungio yoyote ndani ya ukuta au juu ya dari mahali pasipofikiwa. Waya utoke kwenye kisanduku ufike kwenye soketi ukiwa mzima. Ikiwa ni lazima kuunga, kiungo kikazwe kwa skrubu ndani ya kiboksi chenye kifuniko, na kiboksi hicho kiwe mahali ambapo mtu aweza kukifungua kwa bisibisi bila kubomoa nyumba.

Kupitisha nyaya

Katika nyumba ya mbao za kawaida, mafundi wengi hupenda kuficha nyaya kati ya mbao za nje na za ndani. Nyumba huonekana safi. Lakini kati ya mbao mbili ndipo panya wanapoishi, hasa ikiwa mahindi yamewekwa katika chumba cha pili, kama ilivyo desturi ya wengi wetu baada ya kuvuna. Panya hutafuna plastiki ya waya bila kuwa na njaa nayo. Meno yake hukua siku zote na ni lazima ayasage. Waya ukibaki uchi juu ya ubao mkavu, karibu na magunia, hatari yake ni dhahiri.

Maoni yetu ni kwamba mkulima asione haya kupitisha nyaya nje ya ukuta, ndani ya bomba la plastiki lililokazwa vizuri, mahali panapoonekana. Si pazuri kwa macho. Lakini bomba likipasuka utaliona, mchwa wakipanda utawaona, na siku ya kuongeza soketi hutabomoa kitu. Mahali panya ni wengi, bomba la chuma ni bora zaidi, ila ni lazima liunganishwe na waya wa ardhi.

Ikiwa waya ni lazima upite ndani ya nguzo za ukuta, toboa kwa kekee katikati ya unene wa nguzo, isipungue inchi 2 kutoka kila upande. Asiyefanya hivyo atakuja kutundika picha au kalenda siku moja, na msumari utaukuta waya. Nguzo ikiwa nyembamba na nafasi hiyo haipatikani, pigilia kipande cha bati nene mbele ya tundu.

Unene wa waya usiachiwe duka liamue. Kwa taa, waya wa milimita za mraba 1.5 watosha. Kwa soketi, usikubali chini ya 2.5. Jiko la stima na ile shawa ya kupasha maji papo hapo ni mambo mengine kabisa. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea karibu 23, nayo yahitaji waya wake mnene peke yake kutoka kwenye kisanduku, na swichi yake peke yake. Kuiunga katika waya wa taa ni kutayarisha moto.

Nyumba ya magogo

Hawa ni wachache, lakini waliotuuliza wanastahili jibu refu, kwa sababu nyumba ya magogo ni kama mnyama aliye hai. Gogo bichi likikauka halipungui urefu wake kwa kiasi cha kuonekana, bali hupungua unene. Sasa magogo yamelazwa moja juu ya lingine. Kila moja likipungua kidogo, ukuta mzima hushuka. Ukuta wa futi 8 uliojengwa kwa magogo mabichi sana waweza kushuka hata inchi 6 katika miaka ya kwanza. Watu wa Finland, Norway na Kanada, ambao wamejenga nyumba za namna hii kwa vizazi vingi, huacha nafasi juu ya kila mlango na dirisha ili ukuta upate mahali pa kushukia.

Fikiri basi juu ya bomba la waya lililokazwa kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti. Ukuta unashuka, bomba halishuki. Litapinda, litapasuka, au litang'oa kiboksi cha soketi. Hata waya wenyewe, ukivutwa ukakaza kama uzi wa gitaa, utachomoka kwenye skrubu zake, nasi tumekwisha kusema maungio yaliyolegea hufanya nini.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, tumia magogo yaliyokaushwa. Yakatwe, yamenywe gamba, yapangwe juu ya vipande vya miti ili yasiguse udongo, yafunikwe juu tu, na upepo upite kati yake. Mwaka mmoja ni mzuri. Miwili ni bora. Pili, acha waya uwe na nafasi. Juu ya dari kila waya uachiwe kitanzi cha futi moja au zaidi. Bomba nalo liwe la vipande viwili, chembamba kikiingia ndani ya kinene bila gundi, ili kiweze kuteleza kadiri ukuta unavyoshuka.

Kazi hii ya nyaya katika magogo haifanywi baada ya kujenga. Fundi wa stima na fundi wa mbao wakae pamoja kabla ya gogo la kwanza kulazwa. Waamue soketi itakuwa wapi na swichi wapi. Kisha kila gogo linapolazwa, litobolewe tundu la inchi 1 mahali palipopimwa, tundu likaangalie tundu la gogo la chini. Kando ya mlango panafaa sana. Pitisha kamba katika matundu hayo na uiache humo. Baadaye kamba ndiyo itakayovuta waya. Mkulima aliyesahau jambo hili na nyumba imekwisha simama, asijaribu kutoboa kutoka juu. Apitishe nyaya zake nyuma ya ubao wa chini unaozunguka chumba, au katika bomba linaloonekana, aishi kwa amani.

Jambo dogo kuhusu oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka mbao za nje kuzuia mchwa. Oili hiyo huwaka, tena si rafiki wa plastiki ya waya. Anayeitumia na aipake kabla ya kazi ya stima, aiache ikauke kabisa, na asipake mahali waya unapopita.

Waya wa ardhi, na mabati yanayoua

Hapa twaomba msomaji asome polepole. Katika nyumba ya tofali, waya wa moto ukigusa ukuta wenye unyevu, nguvu huvuja ardhini na pengine swichi itajikata. Katika nyumba ya mbao kavu haiwi hivyo. Ubao mkavu haupitishi nguvu. Tuseme waya unaoingia juu ya dari umekatwa na ncha ya bati. Bati zima la paa sasa lina volti 240, nalo limekaa juu ya mbao, haligusi ardhi. Hakuna kinachovuja, hakuna kinachokatika, taa zawaka kama kawaida. Paa laweza kukaa hivyo kwa wiki nyingi.

Kisha mama anafunga kamba ya chuma ya kuanikia nguo kutoka kwenye paa hadi kwenye mti. Au kijana anapanda ngazi kuzibua mfereji wa maji. Miguu imo katika udongo uliolowa na mkono umegusa chuma. Mtu huyo ndiye njia ya kwanza ambayo nguvu zimepata kufika ardhini.

Mambo matatu humzuia mkulima asipatwe na haya. La kwanza, waya usiguse bati mahali popote. Upitapo katika tundu la bati, upite ndani ya bomba. Kamba ya kuanikia nguo ifungwe kwenye nguzo zake mbili, nayo iwe ya katani au ya nailoni. La pili ni waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Waya huu utoke kwenye kisanduku uende kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, futi 4 kwenda chini, na mabati ya paa yaunganishwe nao. Mahali pa fimbo pachaguliwe. Udongo mwekundu wa Trans Nzoia ukikauka, kati ya Desemba na Machi, hupitisha nguvu kwa shida. Basi fimbo isipigiliwe chini ya baraza pakavu, bali pale maji ya paa yanapodondokea au pale maji ya kuogea yanapomwagika. Fundi aipime kwa mita yake, asikuambie tu kwamba "iko sawa."

La tatu ni swichi ya usalama ya miliampea 30. Hii si kama fyuzi. Hulinganisha nguvu zinazokwenda na zinazorudi, na zikipungua hata kidogo, yaani zikivuja kupitia kwa mtu, hukata mara moja, kabla moyo haujadhurika. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara moja kila mwezi. Isipokata, haifanyi kazi. Tukiambiwa tuchague kitu kimoja tu cha kuongeza katika nyumba ya mbao, tungechagua hiki, hata kama soketi mbili zitasubiri mavuno yajayo.

Zizi, simba na vifaranga

Baada ya nyumba kubwa kupata stima, kijana naye hutaka taa katika simba yake, na Bwana Shamba amekwisha mshauri baba anunue mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Ndipo waya mwembamba unapoanza kutembea juu ya ua, umefungwa kwenye mti wa parachichi na kwenye nguzo ya seng'enge. Upepo huusugua mpaka unakuwa uchi, na seng'enge yote ya boma inakuwa na nguvu. Ng'ombe hudhurika upesi kuliko mtu, kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, na nguvu zinazotambaa ardhini hupita mwilini mwake kati ya miguu hiyo.

Waya wa kwenda zizini uwe ule wenye vazi la chuma, uzikwe inchi 18 au zaidi, mahali ambapo jembe halifiki. Mashine ya nguvu za farasi 2 ipewe waya wake yenyewe. Wakati wa kuanza, mota huvuta ampea mara 5 hata 7 ya zile za kawaida, na waya mwembamba na mrefu humfanya mota ashindwe kuzunguka, anguruma, aungue.

Wafugaji wa kuku wawe na hadhari zaidi. Balbu ya kupasha vifaranga joto ina wati 250, na chini yake kuna maranda makavu. Watu huitundika kwa waya wake wenyewe. Usiku msumari unachomoka, balbu inaanguka juu ya maranda, na banda ni la mbao. Itundike kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti, iwe na kizimba cha chuma kuizunguka, na isikaribie maranda chini ya inchi 18.

Fundi na hati yake

Kisheria, mtu anayefunga stima katika nyumba ni lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, ambayo tangu sheria ya mwaka 2019 ndiyo iliyochukua kazi ya tume ya zamani. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hujampa pesa, wala usione kwamba unamdharau. Kazi ikiisha hutoa hati ya kumaliza kazi, nayo kampuni ya stima huidai kabla ya kuunganisha mita. Wako watu wauzao hati hizo bila hata kuiona nyumba. Aliyenunua hati hiyo amenunua karatasi.

Wale ambao nyumba zao ni za mabanzi au za udongo, na hawana pesa ya kufungiwa nyaya nyumba nzima, wanaweza kuuliza habari za ule ubao uliokwisha tengenezwa, wenye swichi, soketi na mahali pa balbu, ambao ulitumika sana katika mpango wa mwaka 2015. Ni wa taa, redio na simu. Usiufanye kuwa jiko.

Usiku, kabla ya kulala, pitisha kiganja juu ya plagi na soketi zilizotumika jioni hiyo. Ikiwa vuguvugu kidogo, si neno. Ikiwa moto, au ukisikia harufu kama ya samaki au ya plastiki inayoungua, zima swichi kubwa na umwite fundi kesho yake, hata kama taa zinawaka vizuri. Fyuzi ikikatika usiifunge kwa karatasi ya sigara wala kwa msumari. Moto wa stima ukishika, zima swichi kubwa kwanza. Ukishindwa kuifikia, mwaga mchanga au udongo mkavu, usimwage maji. Na mtu aliyenaswa na stima asiguswe kwa mkono mpaka nguvu zimezimwa, au asukumwe kwa mti mkavu na mtu aliyesimama mahali pakavu.